Gari Lililotaka Watu Wawili

Wenzangu, tangu nirudi kila mmoja wenu amenishika shati kwa wakati wake. Mmoja dukani, mwingine nje ya msikiti, mwingine kanikuta naoga mtoni akanipigia kelele kutoka ng'ambo: "Fundi Athumani, uliwahi Mikumi?" Nami nimekuwa nikijibu kwamba nilifika salama, kisha nauliza habari za mahindi yenu. Nimechoka kukwepa. Naandika mara moja tu, msome kwa kupokezana, msiniulize tena.

Nilichokuwa nakiendea mnakijua, lakini nakisema tena ili asiyejua asipotee. Mpwa wangu Zaina, mtoto wa dada yangu Mwajuma, alikuwa anaolewa. Ndoa yenyewe ni kazi ya shehe na ndugu za marehemu baba yake, mimi sina neno hapo. Lakini kwetu, upande wa mama, mwali hatoki chumbani mpaka mjomba aingie, amshike mkono, amtoe mwenyewe mbele za watu. Mjomba akikosekana anashika mkono mtu mwingine anayeaminika, na tangu siku hiyo huyo ndiye mjomba. Wewe unabaki na jina tu.

Barua ya dada ilikuwa fupi. Jumapili, saa kumi jioni. Usipofika mkono atashika mwenyekiti wa kijiji, maana ndiye aliyetusaidia kusimamisha nyumba tulipohamishiwa huku, wewe ukiwa umebaki na injini yako. Hapo alinichoma, na alijua ananichoma. Wakati wa Operesheni, watu wote wa ukoo wetu walipopakiwa kwenye malori kwenda vijiji vipya, mimi nilisema siwezi kuiacha injini ya korona, ile mashine ya kuchuna mkonge. Dada akasema, "Haya, kaa na injini yako." Tangu siku ile hatukuonana. Mwaka haukupita, shamba likafungwa na injini ikanyamaza. Nikabaki mimi, cheti cha utumishi mwema, na Landrova bovu lililokuwa limelala bandani.

Chini ya barua ile palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wa Zaina: "Mjomba, njoo na Landrova. Nitakuwa ndani, sioni mtu, lakini nitalisikia."

Rudewa, bandani

Wengine mmesema kwa nini sikupanda treni. Treni ya Mikumi ilikuwa imekwisha ondoka Kilosa, na nyingine ilikuwa mpaka Jumanne. Ila hata ingekuwepo nisingepanda. Nilitaka kuingia kijijini kwa gari, nimevaa koti, cheti changu mfukoni, wajue mjomba wa bibi harusi si mtu wa hivi hivi. Majivuno matupu, nakubali.

Basi Ijumaa nikalifanyia gari matengenezo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikabadilisha oili, nikasugua plagi, nikaishusha kabureta niioshe kwa petroli, maana ilikuwa na mchanga wa kutosha kujengea jiko. Wakati naishusha, gasketi iliyo chini yake, kile kikaratasi kigumu kinachokaa kati ya kabureta na injini, kikachanika vipande vitatu. Spea siku hizi mnazijua. Hata ukienda Morogoro unajibiwa hakuna kabla hujamaliza kuuliza.

Mimi sikuhangaika. Nikachukua nyuzi za mkonge, nikazisokota nyembamba, nikazilowesha grisi, nikazizungusha pale, nikakaza nati. Miaka kumi na minane nimefunga pampu za maji za korona kwa namna hiyo hiyo na hakuna tone lililowahi kuvuja. Mkonge ndio ulionilea. Nikafuta mikono, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Jumamosi alfajiri nikapiga hendeli. Injini ikashika, kisha ikaanza kutetemeka mpaka taa za mbele zikawa zinatikisa vichwa. Kabla sijazunguka kuufikia usukani, ikafa. Nikapiga tena. Ikafa. Mara ya tatu nikakimbia nusura nivunje goti, nikawahi kukanyaga mafuta, na lo, ikanguruma vizuri, laini, kama haijawahi kuumwa. Nikiinua mguu inatetemeka, inapiga chafya, inazimika. Mafundi huita silensa, ule mngurumo wa chini wa injini inapojiendesha yenyewe bila mguu wa mtu. Gari langu lilikuwa halina silensa. Likiwa mbioni ni zima, likisimama ni maiti.

Nikasema ni plagi. Nikazifungua, nikazisugua tena, nikazirudisha. Bado. Nikaikaza skrubu ya silensa mpaka mwisho. Likapiga kelele za trekta dakika moja, kisha likafa vilevile. Ule mkonge sikuuwazia hata kidogo.

Zamani kazi hii tuliifanya wawili. Zaina, akiwa mdogo, anakaa kitini, miguu haifiki vizuri, mimi nimeinamia injini. Nasema, "Mafuta," anakanyaga. Nasema, "Acha," anaacha. Nasikiliza, nagusa, nasikiliza. Alfajiri ile nilijikuta nimesema "Mafuta, Zaina," bandani, peke yangu, na nikaona haya kana kwamba kuna mtu amenisikia.

Chanzuru

Nikaondoka hivyo hivyo. Nilijiambia, safari ni kwenda, si kusimama. Ilimradi mguu wangu uko kwenye mafuta, nitafika.

Sasa jaribu wewe kupita barabara ile asubuhi bila kusimama. Kila hatua ishirini kuna mtu mzima, na kila mtu mzima ana haki yake ya shikamoo. Nilikuwa nawarushia dirishani huku napita: shikamoo baba, shikamoo mama, gari bovu jamani! Nusu yao walisikia vumbi tu. Kijana mmoja akaniitikia, "Naizi huyo! Kapata gari kasahau watu!" Mimi, Athumani, naizi, mkubwa mwenye cheo na mali! Viatu vyangu vina kiraka.

Chanzuru, mbele kidogo ya visima, alisimama bibi mmoja mwenye kikapu kichwani na kuku kwapani. Aliinua mkono mapema, kwa utaratibu, kama mtu ambaye hana shaka kwamba atachukuliwa. Nilipunguza mwendo. Moyo wangu ukasema simama. Kichwa kikasema ukisimama hapa utapiga hendeli mpaka adhuhuri. Nikamfikia, nikapaza sauti, "Shikamoo Bibi! Nisamehe, gari bovu!" nikampita. Kwenye kioo nilimwona mkono ungali juu, anaangalia vumbi langu. Nilijisikia vibaya njia nzima mpaka Kilosa, na si uongo.

Kilosa mjini

Niliingia Kilosa saa nne, na hapo hapo penye petroli gari likafa. Foleni ilikuwa ndefu, tukalisukuma kwa mikono kila foleni iliposogea. Nilipopata lita zangu saa nane ilikuwa imepita.

Karibu na soko nikapata mafundi wawili. Wa kwanza akasikiliza, akasema, "Plagi." Wa pili akasema, "Plagi gani, hiyo ni platini." Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nimewekwa kando kama mgonjwa. Plagi zikafunguliwa, platini zikasuguliwa, hakuna lililobadilika. Wa pili, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniuliza, "Bwana, kabla halijaumwa uligusa nini?"

"Nimelisafisha tu," nikasema.

"Kabureta uliigusa?"

"Nimeiosha."

"Gasketi?"

"Nimefunga vizuri," nikajibu kwa mkato. Sikumwambia kwa kitu gani. Fundi wa miaka kumi na minane hahojiwi kuhusu nati zake na fundi wa sokoni. Ningesema neno moja tu, mkonge, safari ingeishia vingine. Yule mzee akainua mabega, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni nikaingia hotelini. Mwenye hoteli aliniona nikiliacha gari nje, akaniwekea vikombe viwili vya chai na peremende mbili, maana sukari hakuna, watu wanakunywa chai huku wamebana pipi shavuni.

"Utingo wako yuko wapi?" akaniuliza. "Chai itapoa."

"Sina utingo."

"Abiria?"

"Sina."

Akanitazama kidogo, akachukua kikombe kimoja akakirudisha jikoni. Peremende akaniachia zote mbili. Nikala ugali wangu wa unga wa njano na maharage, nimetazamana na ukuta. Nyumbani huwa nakula hivyo hivyo kila siku na wala siumii. Kile kikombe kilichorudishwa ndicho kilichonishinda.

Zombo

Jumapili niliamka na hesabu moja kichwani. Mnajua amri: Jumapili ikifika saa nane mchana, gari la mtu binafsi halitembei. Kwa hiyo nilitakiwa niwe nimefika kabla ya saa nane, nipumzike, nioge, nivae koti, saa kumi nishike mkono wa mtoto wangu. Vijana wa reli wakanisukuma, likawaka, nikaondoka kabla jua halijapanda.

Nilikwenda vizuri mpaka Zombo. Pale, ng'ombe. Wamejaa barabara nzima, hawaendi, hawarudi, mchungaji amesimama kwa mguu mmoja akiniangalia kwa utulivu mkubwa. Nikapiga honi, honi yenyewe mbovu. Nikakanyaga mafuta nikiwa nimesimama mpaka maji ya rejeta yakaanza kuchemka. Nikainua mguu kidogo tu. Likafa.

Nilipiga hendeli mpaka viganja vikachubuka. Likiwaka, nikifika kitini limekufa. Nikaweka jiwe kwenye pedali; likawaka kwa kishindo, likalia kwa sauti ya juu mpaka nikaogopa, na kwa makelele yale huwezi kusikia ugonjwa uko wapi. Jiwe halijui kukanyaga kidogo. Nikalitoa jiwe, nikakaa chini nimeegemea tairi. Jua likapanda. Saa tatu, saa nne. Ng'ombe walikwisha ondoka zamani. Nilimfikiria mwenyekiti nisiyemjua akivaa shati safi.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa. Kuinua uso, yule bibi wa Chanzuru! Kikapu kichwani, kuku kwapani. Kumbe jana lori la mahindi lilimchukua likamfikisha Zombo kwa jamaa zake, na sasa alikuwa barabarani anatafuta njia ya kwenda Mikumi kumwona mjukuu wake aliyejifungua.

"Shikamoo Bibi," nikasema nikiwa nimekaa.

Akatua kikapu.

"Shikamoo Bibi," nikarudia.

"Shikamoo ipi?" akasema. "Ile ya jana ulinitupia kama mtu anayetupia kuku mtama. Sikuiokota. Ipo palepale Chanzuru, rudi ukaichukue."

Nikasimama. Nikavua kofia, nikainama mpaka goti likalia. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Bibi."

"Nyumbani hawajambo?"

"Nyumbani niko peke yangu."

Akafikiri. "Basi nyumba haijambo?"

"Haijambo," nikasema, na sijui kwa nini machozi yalinilenga pale pale, mbele ya kuku.

Nikamweleza yote, mkono wa Zaina, mwenyekiti, saa nane. Hakunipa pole. Aliuliza, "Sasa gari linataka nini?"

"Linataka mtu wa pili, Bibi. Akae pale akanyage mafuta kidogo sana, asizidishe asipunguze, mimi nisikilize huku mbele."

"Kukanyaga kidogo?" Akavua kandambili, akapanda kitini bila kusaidiwa. "Mimi ni mshonaji tangu mume wangu hajafa. Miaka yote hiyo mguu wangu uko kwenye pedali ya cherehani. Washa."

Nikapiga hendeli. Ikashika, na haikufa. Wallahi, mguu wa yule bibi! Mtikisiko ulikuwepo, lakini alilishikilia gari pale pale ukingoni, halizimiki wala halipigi kelele, nami kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nikainamia injini inayofanya kazi. Nikasikia. Chini ya kabureta, sss, sss, mluzi mwembamba.

Nilisita kuuamini. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakilowesha, nikapaka pale kwenye mkonge wangu, pande zote. Mtetemeko ukakoma. Injini ikatulia kabisa.

"Limetulia!" Bibi akapiga kelele kutoka kitini. "Nimefanya mimi?"

"Umefanya wewe," nikamwambia.

Ilikuwa hewa. Mkonge na grisi vinazuia maji, vinayazuia sana, lakini petroli ilikuwa imeila grisi na injini ilikuwa inavuta hewa katikati ya nyuzi. Likienda mbio halijali kahewa kadogo kama kale. Likipumzika linakosa pumzi. Miaka kumi na minane ya majivuno, na ugonjwa nimeufunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Sabuni isingefika Mikumi. Ilitakiwa gasketi, karatasi ngumu. Tukatafuta. Kwenye kikapu cha Bibi kulikuwa na unga, nguo za mtoto na mhogo. Kwenye gari hakuna kitu. Basi nikaingiza mkono kwenye koti langu, nikatoa cheti.

Mnakikumbuka, mmekiona ukutani kwangu. Karatasi nene, jina langu kwa wino mweusi, muhuri wa shamba, maneno ya sifa. Hicho ndicho nilichokipata kwa kukaa na injini badala ya kwenda na ndugu zangu.

"Hiyo ni kitu cha maana?" Bibi akauliza.

"Ilikuwa," nikasema.

Nikaifungua kabureta, nikang'oa mkonge, nikakiweka cheti juu ya tundu, nikakigonga taratibu pembeni kwa kichwa cha nyundo mpaka chuma chenyewe kikakikata umbo lake. Jina langu likabaki nusu ndani, nusu nje. Nikapaka sabuni, nikafunga. Nikapiga hendeli, nikamwambia Bibi ainue mguu. Akainua. Gari likaendelea kunguruma polepole, peke yake. Tulikula mhogo wake mkavu tukilisikiliza, kisha tukaondoka. Saa saba ilikuwa imekaribia.

Kizuizi cha Mikumi

Barabara ile hairuhusu haraka. Mara makorongo, mara mchanga, mara tembo wawili wameamua kuvuka kwa wakati wao. Niliwasubiri, na kwa mara ya kwanza gari lilisubiri pamoja nami bila kuzimika. Bibi aliwaambia tembo, "Haya, piteni, mna harusi nyie?"

Tulifika kizuizini saa nane na dakika kumi. Magari mengine matatu yalikuwa yameshaegeshwa pembeni. Mgambo akaja, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mzee. Zima gari."

"Marahaba. Mwanangu, dakika kumi tu. Mimi ni mjomba wa bibi harusi."

"Nasikitika mzee. Mpaka kesho asubuhi."

Nilimweleza, nikambembeleza, Bibi akamkaripia kama mjukuu wake. Alisikiliza yote ameinamisha kichwa, na hakusogea. Gari wakati wote huo linanguruma taratibu, silensa safi, kama lililotoka kiwandani. Siku mbili nimelilia gari linalojua kusimama. Nimelipata, na naamriwa kulizima. Nikalizima.

Kutoka pale mpaka kijijini kwa dada ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye haraka. Kwa mtu mwenye haraka, ningewahi.

Bibi alikwisha jitwika kikapu. "Kimbia," akaniambia. "Mimi nitajifikisha."

Nilikwenda hatua kama kumi. Nikageuka. Alikuwa anatembea katikati ya barabara, mguu mmoja anauburuta, ule ule uliokanyaga mafuta. Nilimwona tena kama nilivyomwona kwenye kioo jana. Nikarudi, nikampokea kikapu.

"Wewe ni mpumbavu," akasema.

"Nilikupita jana, Bibi. Leo siwezi."

Alinitukana mpaka akachoka, tukaenda kwa mwendo wake. Nilimfikisha mlangoni kwa mjukuu wake, nikasikia kichanga kinalia ndani. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Ndipo nikakimbia.

Kwa dada

Vigelegele nilivisikia nikiwa bado kwenye mashamba. Nikajua. Miguu ikaendelea kukimbia, lakini mimi nilikuwa nimeshajua.

Nilipoingia uani Zaina alikuwa ameketi mkekani, amefunikwa kanga mpya, mkono wake mkononi mwa mtu mnene mpole mwenye shati jeupe. Watu wakageuka. Nilikuwa nimejaa vumbi na oili, koti nimelisahau garini.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba," Mwajuma akajibu. Alinitazama kutoka juu mpaka kwenye viatu. "Umekuja na nini?"

"Na miguu."

Akafumba macho kidogo. "Tulikungoja, Athumani. Tumengoja nusu saa nzima baada ya muda. Mtoto alikataa kutoka. Anasema ngojeni, Mjomba anakuja, nitasikia gari. Tukakaa kimya wote, tukasikiliza. Hakuna gari."

Chini ya kanga sauti ya Zaina ikatoka ndogo. "Nilikuwa nasikiliza gari, Mjomba. Sikusikiliza miguu."

Mwenyekiti alikuwa muungwana. Alisimama, akaniambia, "Fundi, njoo ushike. Ni wako." Wazee wakaanza kunong'ona kwamba mkono hautolewi mara mbili, utamletea mtoto mkosi. Nilimtazama yule mtu. Kiganja chake kilikuwa na sugu. Ni yeye aliyenyanyua miti ya nyumba ile, siku nilizokuwa natia grisi injini iliyokufa.

"Umeshashika," nikamwambia. "Usimwachie."

Niliumia. Naliandika hivyo hivyo, sitalipamba. Nikaenda nikakaa nyuma, pamoja na wageni. Baadaye dada akaniletea sahani ya pilau mwenyewe, hakumtuma mtu, akakaa kando yangu. Hakusema habari za zamani. Aliuliza, "Ulikula nini njiani?" Nikamwambia, ugali wa njano na mhogo wa bibi mmoja. Akaniongezea nyama.

Jumatatu

Asubuhi nilikwenda kulichukua gari, nikalipitisha nyumbani kwa bwana harusi kuaga. Zaina alikuwa ndani na mumewe, hatoki mpaka siku saba ziishe. Nikalisimamisha chini ya dirisha lake. Nikashuka, nikaenda nikasimama mbele ya gari, mikono mfukoni, likinguruma.

Dirisha likafunguka kidogo. "Mjomba?"

"Naam."

"Nasikia. Limetulia sana." Kisha akauliza, "Nani amekukanyagia mafuta?"

"Sasa hivi hakuna mtu, mwanangu."

Akasikiliza. Mimi nami. Injini ikaendelea.

"Limepona, basi," akasema.

"Limepona."

Rudewa

Nilirudi kwa siku moja, na kila aliyeinua mkono nilimsimamishia gari. Nilipakia watu mpaka nikapoteza hesabu, wote wakashuka Kilosa na Chanzuru. Kutoka Chanzuru nilikuwa peke yangu.

Sasa jioni nalitoa bandani, naliwasha, nashuka, nalizunguka. Linanguruma lenyewe. Halinihitaji hata mimi.

Basi ndiyo hayo mliyotaka kuyajua. Na mimi nina langu. Jumamosi asubuhi nitaishusha ile kabureta. Mmoja wenu aje akae kitini anikanyagie mafuta, wengine waje wanywe chai; vikombe ninavyo. Najua mtaniambia gari halina ugonjwa. Njooni tu.